Jikoni Kunanuka Nini?

(Mazungumzo mbele ya vijana baada ya darsa la alasiri, yameandikwa hapa ili na wewe msomaji uyapate)



Ndugu zangu vijana, dada zangu, na nyinyi wazazi wetu mliotuheshimu kwa kuja. Niliposema kwamba leo nitazungumza juu ya harufu mbaya za jikoni, kuna waliocheka. Nawapa haki yao. Ramadhani mtu hutarajia kusikia habari za Badr, au zaka, au fadhila za kumi la mwisho. Hayo yana wenyewe, na ni wajuzi kuliko mimi. Mimi nimechagua jiko kwa sababu mwezi huu ndio jiko letu hufanya kazi kuliko miezi yote, na anayepika amefunga. Wengi huona vizuri wasionje kabisa. Sasa asiyeonja amebakiwa na nini? Amebakiwa na macho na pua.

Na hebu angalia Kiswahili chetu kilivyo tajiri katika jambo hili. Kitu kizuri hunukia, kibaya hunuka. Herufi chache tu na maana imepinduka. Samaki ana shombo, na pia twasema vumba. Chakula cha jana kimechacha. Kilichooza kabisa kimevunda, na kinachotoka hapo ni uvundo. Wazee hawakuweka maneno yote haya kwa mchezo. Kila harufu ina mzazi wake, na kazi yako ni kumtafuta huyo mzazi.

Lakini sisi twafanyaje? Jiko likinuka twatia makaa kwenye chetezo, twafukiza udi. Udi ni mzuri, sisemi kitu. Lakini ukifukiza udi na nyuma ya kabati kuna panya aliyekufa, utakachopata ni panya aliyefukizwa udi. Uvundo haufunikwi, huondolewa.

Tuanze na samaki, maana sisi watu wa pwani hatuwezi kumkimbia. Samaki wa baharini akiwa mbichi hasa hana harufu mbaya, hunuka bahari tu. Mwilini mwake mna kitu kinachomsaidia kuishi na chumvi ya maji. Akishakufa, bakteria hukigeuza kitu hicho kuwa kingine kiitwacho trimethilamini, na hiyo ndiyo shombo. Sasa mwajua kwa nini mama hukamulia ndimu? Si ladha peke yake. Shombo hiyo ina tabia ya magadi, na asidi ya ndimu huikamata isiruke tena hewani. Bibi zetu hawakusoma kemia lakini walikuwa wanaifanya kila siku kwenye ubao wa kukatia samaki. Ama papa, huyo ana yake. Nyama ya papa ina yurea nyingi, na ikikaa hugeuka amonia, ile harufu inayokuchoma pua mpaka machozi. Ndiyo maana papa mkavu humjua tangu mlango wa sokoni. Kwa papa mkavu hiyo ni kawaida. Lakini nguru au changu aliye mbichi akikunukia amonia, mrudishe kwa aliyekuuzia, hata kama umefunga na hutaki maneno.

Mkiniuliza mimi, hata hivyo, harufu iliyo mbaya kupita zote jikoni si ya samaki. Ni ya kiazi.

Mnacheka tena. Nyumba nyingi Ramadhani hununua viazi kwa wingi, kwa sababu ya viazi karai, bhajia, kachri na katlesi za sambusa za watu wasiopenda nyama. Huwekwa kwenye ndoo yenye kifuniko chini ya meza, gizani, na joto hili letu. Kimoja huoza chini kabisa. Hakionekani. Kinageuka maji, yale maji yanawalowesha jirani zake, na baada ya siku tatu unaingia jikoni unafikiri bomba la choo limepasuka. Nimewahi kuona nyumba nzima wakilaumiana, mara mtoto, mara paka, mpaka mtu akainua ndoo. Viazi vyataka hewa. Tia kwenye kikapu au kreti, na kila unapochukua vya futari pitisha mkono mpaka chini.

Sinki na sponji nitapita haraka. Lile bomba lililopinda chini ya sinki limepindwa makusudi, maji yanayobaki pale ndiyo yanayozuia hewa ya mtaro isipande. Mkisafiri na sinki lisitumike siku nyingi, maji hukauka na mtaro unaingia nyumbani. Mwaga maji tu. Sponji inayonuka usiinuse mara mbili, itupe.

Mafuta ya kukaangia yana harufu mbili. Moja ni ya mafuta yaliyopata moto kupita kiasi, yanatoa moshi unaouma macho na koo. Nyingine ni ya mafuta yaliyozeeka, hunuka kama njugu zilizosahaulika kabatini. Karai la mafuta lililoanza mwezi mosi wa Ramadhani na likafika kumi na tano bado linakaanga, ndugu zangu, ile sambusa haina kosa. Najua bei ya mafuta. Basi tukaange kidogo. Siku hizi kuna futari ambazo ukitoa vitu vya kukaangwa inabaki tende na maji.

Kitunguu saumu kina hadithi yake, na hadithi hiyo mwaijua, imo katika Bukhari na Muslim: aliyekula saumu au kitunguu asikaribie msikiti. Na imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar kwamba anayetaka kuvila aviue kwa kuvipika. Neno hilo "aviue" nalipenda sana, maana ndivyo hasa inavyokuwa. Ule ukali haumo katika punje iliyo nzima, huzaliwa unapoikata au kuiponda mbichi, na moto huuzima. Na msidhani mswaki utakuokoa. Sehemu ya harufu ile huingia katika damu na kutokea mapafuni, kwa hiyo unaweza kusugua meno mpaka yang'ae na jirani yako katika safu ya tarawehe bado anajua ulichofuturu. Kachumbari ya saumu mbichi iwekeni siku nyingine.

Mpaka hapa nimesema harufu zinazoudhi. Kuna jambo ambalo pua haikuambii, nalo ni wali. Wali uliobaki wa futari, ukaachwa kwenye sufuria juu ya jiko mpaka daku, unaweza kunukia vizuri kabisa na ukakulaza hospitali. Kuna bakteria ambayo mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa na uvuguvugu huamka, hutoa sumu, na sumu hiyo hata ukiupasha wali mara ya pili haiondoki. Usingoje kusikia umechacha. Utandaze upoe upesi na uutie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita. Na stima ikipotea, kama ule usiku wa Agosti 25, 2023 Kenya karibu yote ilipokuwa giza, friji usiifungue ovyo. Ikiwa imefungwa hushika baridi kama saa nne hivi.

Sasa nifike pale nilipokusudia tangu mwanzo. Gesi.

Gesi ya kupikia kwa asili yake haina harufu. Ile unayoisikia, kama kabichi iliyooza, imetiwa makusudi. Ni merkaptani, na pua ya binadamu huijua hata ikiwa kidogo mno hewani. Jambo hili lina historia chungu. Machi 18, 1937, katika mji wa New London, jimbo la Texas huko Marekani, gesi ya kupasha joto ilivuja chini ya shule. Haikuwa na harufu, hakuna aliyejua. Shule ikalipuka, wakafa karibu watu 300, wengi wao watoto. Baada ya hapo ndipo Texas ikatunga sheria gesi itiwe kitu kinachonuka. Kwa hiyo harufu ile mbaya, inayokufanya ukunje uso, ni rehema.

Sasa nifuate. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hailengi darini, hulala sakafuni kama maji. Jiko limefungwa tangu baada ya tarawehe, madirisha yamefungwa kwa sababu ya paka. Saa kumi usiku mama anaamka kupasha daku. Kitu cha kwanza afanyacho ni nini? Anawasha taa. Cheche ndogo ndani ya swichi yatosha. Basi mfunze kila mtu nyumbani: fungua mlango wa jiko, simama, nusa kwanza. Ukisikia ile harufu, usiguse swichi, si kuwasha wala kuzima. Usiwashe kiberiti, na simu ipigie nje. Funga mtungi, fungua madirisha na milango, toa watu. Wala usisimame mle ndani ukijiuliza kama bado inanuka, kwa sababu pua huzoea. Baada ya dakika chache haitaisikia na gesi bado ipo.

Na kuna jambo ambalo ndilo limenifanya niwaombe nyinyi vijana, hasa wavulana, msikilize. Pua hudhoofika kwa umri. Tena wengi waliopata korona mwaka 2020 na 2021 walipoteza kunusa, na wengine hakukurudi kama zamani. Katika nyumba zetu nyingi anayeingia jikoni peke yake usiku wa manane ni bibi au mama, yaani yule ambaye huenda pua yake ndiyo dhaifu kuliko zote. Mwenye pua kali ana miaka kumi na minane na amejifunika shuka mpaka aitwe mara tatu kwamba chakula kiko mezani.

Hatari ya mwisho haina harufu kabisa na hakuna aliyeitia. Ni ile ya jiko la makaa linaloingizwa chumbani mvua ikinyesha, moshi ukiwa umekwisha na makaa yamekuwa mekundu mazuri. Hewa inayotoka hapo humaliza watu usingizini. Kabla ya kumaliza hutoa dalili: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu. Mwezi huu tukisikia kichwa kinauma twasema ni saumu. Kama aliyefunga kichwa kinamuuma akiwa karibu na makaa ndani ya chumba, mtoe nje kwanza, mengine baadaye.

Leo baada ya futari, kabla hamjatoka kwenda tarawehe, chukua kikombe cha maji, tia sabuni ya vyombo, koroga mpaka ipate povu. Paka povu pale paipu inaposhikana na mtungi, na pale inapoingia jikoni, mtungi ukiwa umefunguliwa na moto haujawashwa. Viputo vikianza kuvimba, funga mtungi na usiutumie mpaka paipu ibadilishwe. Paipu ikiwa imepasuka-pasuka, badilisha hata kama povu limetulia. Ni kazi ya dakika tano, na mama asikuombe.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.