Lugha Mbili Katika Nyumba Moja: Khabari za Wazigula wa Mto Juba



Jioni hii nataka tulifikiri jambo moja linalowasumbua wazazi wengi waliohamia nchi za mbali. Mtoto anayekulia ugenini, je, aachiwe lugha ya wenyeji peke yake, au afundishwe pia lugha ya wazee wake? Wako wasemao kwamba kichwa cha mtoto ni kama kibaba: kikijaa lugha moja, ukitia ya pili itamwagika. Ili tulipime neno hili, nitawaelezeni khabari za watu ambao asili yao ni jirani zetu wa Handeni na Pangani.

Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliingia katika nchi ya Uzigula. Watu wengi walichukuliwa pwani, wengine kwa nguvu na wengine kwa kuhadaiwa, wakapakiwa majahazini na kuuzwa utumwani katika bandari za Wasomali, kama Barawa na Merka. Baada ya miaka wengi wao walitoroka. Masimulizi ya wazee wao yanamtaja mwanamke mmoja, jina lake Wanakhucha, aliyewaongoza njiani wakitaka kurudi kwao kusini. Walipofika Mto Juba waliona ardhi yenye rutuba na msitu mnene wa kujifichia, wakakaa hapo, wakalima. Nchi ile ikaitwa Gosha.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Katika bonde lile walikimbilia pia watumwa wa makabila mengine, kama Wayao, Wamakua na watu wa Nyasa. Wengi wao, hasa waliokaa juu zaidi mtoni, waliacha lugha zao, na wajukuu wao wakawa wasemaji wa Kimaay tu. Lakini Wazigula walibaki na Kizigula chao, ambacho Wasomali hukiita Kimushunguli. Sababu yake yaweza kufahamika. Wazigula walifika wengi pamoja, wenye usemi mmoja, wakajenga vijiji vyao wenyewe. Wale wengine walikuwa mchanganyiko wa watu wengi, na jirani alipotaka kusema na jirani, ilimlazimu kutafuta lugha ya tatu.

Wala msidhani kwamba Wazigula waliitunza lugha yao kwa kukataa lugha za wenyeji. La, hasha! Mtu wa Gosha aliyejua Kizigula peke yake asingeweza kuuza mahindi yake sokoni wala kujitetea mbele ya wakubwa. Basi mtoto nyumbani aliita maji *mazi*, kama waitavyo Wazigula wa Handeni, na alipotoka nje akayaita *biyo*, kama waitavyo Wasomali. Hakuchanganyikiwa. Kila lugha ilikuwa na mahali pake na kazi yake. Hata Kisomali kilipofanywa lugha ya kuandikia serikalini na mashuleni, mwaka 1972, Kizigula hakikuwa na shule wala kitabu. Shule yake ilikuwa meko, shamba na mazungumzo ya usiku.

Mwaka 1991 vita viliingia Somalia, na wakulima wa Juba waliporwa na kuuawa. Wengi walikimbilia kambi za Dadaab katika Kenya. Wengine walishika njia ya kusini mpaka Tanganyika ya zamani, yaani Tanzania, wakapokewa Handeni, na mwaka 2003 wakapewa makazi ya Chogo. Huko walikutana na ndugu wa asili yao waliotengana nao kwa zaidi ya miaka 150, nao wakasemezana. Hawakuwa na cheti cha kuzaliwa wala barua ya ukoo. Ulimi wao ulikuwa ndio shahidi wao. Baadaye serikali iliwapa wengi wao uraia. Hebu fikirini: kama bibi zao wangaliona haya kusema Kizigula mbele ya watoto, ushahidi huo ungalitoka wapi?

Lakini sehemu nyingine ya watu hawa ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1999 Marekani ilikubali kuwapokea wakimbizi wa Gosha wapatao 12,000, na kuanzia mwaka 2003 walipelekwa katika miji mingi, kama Columbus na Boise. Huko hatari ni ya namna nyingine. Familia zimetawanyika, mtoto hushinda shuleni katika Kiingereza, na jioni hucheza na wenziwe katika Kiingereza. Wazazi waona fahari, nao wana haki, kwa kuwa Kiingereza ndicho mlango wa kazi. Lakini siku moja nyanya amwita mjukuu, na mjukuu hamfahamu. Lugha iliyoushinda utumwa na msitu yaweza kufa kimya kimya, katika nyumba yenye amani na chakula tele. Hilo ndilo la kuogopwa.

Basi turudi kwenye kile kibaba. Mwaka 1962 wataalamu wawili, Elizabeth Peal na Wallace Lambert, waliwapima watoto wa miaka 10 katika mji wa Montreal, Kanada. Wale waliojua vema Kifaransa na Kiingereza hawakuonekana kuwa nyuma ya wenzao wenye lugha moja. Bali waliwapita katika majaribio mengi ya akili. Kichwa cha mtoto si kibaba. Ni kama shamba, ambalo mahindi na maharagwe huota pamoja, wala hili halimnyimi lile udongo.

Kwa hiyo, wazazi mlio ugenini, haya ndiyo mashauri yangu. Kwanza, mwachieni mwalimu wa shule kazi ya kufundisha lugha ya wenyeji. Ninyi semeni na watoto lugha mnayoijua barabara, ili wapate maneno mazuri na si makombo. Pili, lugha ipewe kazi: hadithi, mapishi, mizaha, maombi. Lugha isiyo na kazi nyumbani hufa, hata ikisifiwa kila siku. Tatu, mtoto akikosea msimcheke, maana anayechekwa hunyamaza, na anayenyamaza husahau.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Watu wa Juba walitiwa utumwani kwa mwili, lakini asili yao hawakuiacha; nayo ndiyo iliyowatambulisha kwa ndugu zao siku waliporudi. Wajukuu wao wa Marekani wapewe lugha zote mbili: moja ya kupatia riziki, na moja ya kumjibia nyanya anapoita.