Muhula mmoja wa Profesa Jay

Msikilizaji wangu wa Kidete, bila shaka unaukumbuka wimbo wa Ndio Mzee. Ulikuwemo kwenye albamu ya Machozi Jasho na Damu, ya 2001. Mgombea yuko jukwaani anamwaga ahadi, umati unaitikia tu. Aliyeuimba ni Joseph Haule, Profesa Jay. Mwaka 2015 akapanda jukwaa lenyewe kwa tiketi ya CHADEMA, na watu wa Mikumi wakampa ubunge.

Alikaa muhula mmoja. Mwaka 2020 kiti kikaenda kwa Denis Londo wa CCM, katika uchaguzi ulioiachia CHADEMA jimbo moja tu nchi nzima, Nkasi Kaskazini. Hata Sugu, msanii mwenzake aliyeishika Mbeya Mjini miaka kumi, alianguka. Kwa hiyo sikubali kwamba Mikumi ilichoshwa na mwanamuziki.

Linaloniuma ni lile swali la vijiweni: alijenga nini? Jamani, mbunge hana fungu la kujenga barabara. Barabara za vijijini ziko chini ya wakala wa Serikali, TARURA, tangu 2017. Yeye ana Mfuko wa Jimbo, fedha isiyotosha kata zote, na ana mdomo. Mdomo huo anautumia Dodoma, na anautumia pia kwenye baraza la madiwani la wilaya ya Kilosa, ambako wabunge wa majimbo ya Kilosa na Mikumi wote ni wajumbe. Baraza hilo ndilo linalopitisha bajeti ya zahanati na madarasa ya Kidete. Ubunge wa Haule ulikuhusu hata kama hukuwa mpiga kura wake. Ukitaka kumpima, uliza alisimama na nani mle ndani, aliwasemea vipi wakulima wa miwa wa Ruhembe na Kidodi. Na aliyeko leo muulize hivyo hivyo.

Mimi namheshimu kwa kukubali kusimama pale pale alipokuwa akipanyooshea kidole.

Mapema 2022 alilazwa Muhimbili, figo zimemwangusha, Serikali ikabeba gharama. Alipoinuka akaimba Siku 462, hesabu ya siku zake za hospitali, na akaanzisha taasisi ya kusaidia wagonjwa wa figo. Damu husafishwa kwa mashine mara mbili au tatu kila wiki. Kwa mgonjwa wa Kidete, nauli peke yake ya kuifuata mashine hiyo mjini inatosha kumuuzisha shamba. Kazi hiyo ya kuwasaidia wagonjwa Profesa ameianza akiwa hana jimbo.