Kitanda cha Mtindo wa Mission katika Karakana ya Nyumbani



Mtindo huu ulianza Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Gustav Stickley alikuwa miongoni mwa walioueneza, kwa samani za mwaloni zilizonyooka. Kwa kuwa hauna nakshi za kuficha kasoro, kazi yote imo katika maungo. Ulimi wa kitakizo na uingie katika tundu la tendegu kwa kusukumwa. Ukiulazimisha kwa nyundo, tendegu litapasuka. Mbao ziwe kavu, kwani mbichi hunywea na kiungo kikalegea.

Mifumbati msiitie gundi. Ifungeni kwa bolti. Mimi niliitia katika kitanda changu cha kwanza. Hakikupita mlangoni, na mwenyewe alikuwa akingoja nje na mkokoteni. Niliikata kwa msumeno mifumbati niliyoiranda siku mbili.