Mtoto wa Mbwa Anapofika Nyumbani

Ndugu msikilizaji wa Bunju, Mbagala au Chamazi, usimchukue mtoto wa mbwa kwa mama yake kabla hajatimiza wiki 8. Usiku wa kwanza atalia sana. Tafadhali usimpige wala kumfungia nje peke yake. Mlaze karibu na watu, juu ya gunia kavu. Ugali na dagaa atakula, ila mifupa ya kuku iliyopikwa huweza kumtoboa utumbo.

Na chanjo! Mwone afisa mifugo wa kata mapema. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akifika miezi 3. Akimng'ata mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo tu.