Habari za Mkahawa wa Bwana Belmont

Katika mikutano yetu neno moja husemwa kila mara, kwamba mtu aliyetoka kwao mikono mitupu hawezi kufungua hata hoteli ya chai katika mji wa wageni. Kwa hiyo tumeona vema kuwaeleza habari za mkahawa mmoja wa Harrogate, mji mdogo wa Yorkshire huko Uingereza, ulioendewa zamani kwa sababu ya maji yake ya dawa.

Mwenye mkahawa huo hakuwa Mwingereza. Alizaliwa Uswisi mwaka 1885, jina lake Fritz Bützer, mwana wa msagaji unga. Alipokuwa mtoto mdogo kinu chao kiliungua moto na baba yake akafa. Yatima huyo akapelekwa kwa mkulima, akatumikishwa. Kwetu yatima ni mtoto wa ukoo. Lakini tusijisifu upesi, kwani wamo humu ndani waliolishwa kwa masimango.

Alipokua akajifunza kuoka mikate, kisha keki na vitu vitamu. Akavuka bahari kwenda Uingereza hali hajui Kiingereza, na karatasi yenye anwani ikampotea. Husimuliwa kwamba alikumbuka tu kuwa jina la mji lilifanana na neno la kwao la soseji, Bratwurst. Ndipo watu wakampandisha gari la moshi la Bradford! Huko akapata kazi kwa Waswisi wenzake, akafanya kazi ya mikono ya watu wengine miaka mingi. Mkahawa wake mwenyewe aliufungua tarehe 17 Julai, 1919, naye ana miaka ipatayo 34. Vijana wanaotaka mkopo leo na duka kesho, na waihesabu miaka hiyo.

Jambo moja wazee hawatalipenda. Alilitupa jina la baba yake, akajiita Frederick Belmont, jina lenye sauti ya Kifaransa, maana keki za Kifaransa zilisifiwa na wakubwa. Sisi hatumsifu kwa hilo, wala hatuwezi kumhukumu, kwa kuwa hatukuwa wageni pamoja naye. Na mkahawa wenyewe haukupewa jina lake hata hilo jipya. Uliitwa Bettys, na huyo Betty alikuwa nani, kila mtu husimulia lake.

Mwaka 1937 alifungua mwingine mjini York. Wakati wa vita marubani waliokunywa humo walichora majina yao juu ya kioo kwa kalamu ya almasi, na kioo hicho kimehifadhiwa. Wengi wao hawakurudi.

Bwana Belmont alifariki mwaka 1952, na kazi ikashikwa na mpwa wake. Mwaka 1962 waliungana na Taylors, wafanya biashara ya chai tangu 1886. Mikahawa yao haijavuka mipaka ya Yorkshire, bali chai yao huuzwa mbali, na ndani yake yamo majani yaliyochumwa hapa Kenya.