Saa ya Kuhesabu Hatua: Je, Inasema Kweli?

Keti kama una nafasi ya kuketi. Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, tutazungumza hivyo hivyo.

Leo nataka tuzungumze juu ya ile saa ya mkononi inayohesabu hatua. Bila shaka umeiona. Mkanda wake ni wa mpira, kioo chake ni cheusi, na ukikigusa kinawaka na kukuonyesha hatua ulizotembea, mapigo ya moyo wako, na hata usingizi wa jana. Wengine huiita saa janja. Hapo awali ilikuwa kitu cha wanariadha na watu wa ofisini. Siku hizi utaipata Luthuli Avenue jijini Nairobi, utaipata kwenye vibanda vya simu mitaani, na vijana wetu wanaofanya kazi Uarabuni huituma nyumbani kama zawadi.

Akina mama huniuliza maswali mawili kuhusu saa hii. La kwanza: je, inasema kweli? La pili: je, itanisaidia kufanya mazoezi na kupunguza mwili? Kuna swali la tatu ambalo hawaniulizi, nalo ndilo linalonitia wasiwasi. Tutalifikia.

Tuchukue mfano wa mama mmoja, tumwite Mama Zawadi. Ana watoto watatu, na kifungua mimba yuko darasa la tano. Wa mwisho ana miezi minane. Mpwa wake aliye Doha amemletea saa. Siku ya kwanza anaivaa tangu alfajiri. Anaenda kuteka maji, anarudi na mtungi wa lita 20 mkononi. Anampeleka mtoto kliniki akiwa amempakata, mikono yote miwili imemshika. Anapita sokoni, anarudi na kikapu. Jioni miguu inamuuma. Anaangalia saa: hatua 3,900. Anashangaa. Kisha anaketi chini, anakanda unga wa chapati, anafua nguo mbili tatu za mtoto. Akiangalia tena, saa imeongeza hatua mia kadhaa, na hakuinuka pale alipokuwa!

Saa haijaharibika. Ndani yake mna kitambuzi kidogo sana kinachohisi mtikisiko wa mkono. Mtu anapotembea mikono ikiwa huru, mkono huenda mbele na nyuma kwa mpangilio fulani, na saa imefundishwa kuutambua mpangilio huo na kuuita hatua. Miguu yako haiioni kabisa. Kwa hivyo ukibeba mtungi, ukishika mtoto, ukisukuma mkokoteni au kigari cha mtoto, mkono umetulia, na saa inadhani umesimama. Ukikanda, ukifua, ukipiga makofi kanisani, mkono unacheza, na saa inadhani unatembea. Ukitembea polepole sana, kama mama mwenye mimba kubwa au nyanya mwenye magoti mabovu, huenda pia ikakosa hatua nyingi. Naona waliotengeneza saa hizi walimfikiria mtu anayetembea mikono mitupu. Mama wa kwetu ni nadra kutembea mikono mitupu.

Unaweza kuipima saa yako mwenyewe. Tafuta mahali tambarare. Angalia nambari iliyopo, kisha tembea hatua 100 huku ukizihesabu kwa mdomo, mikono ikiwa huru. Angalia tena. Ikiwa imeongeza 95 au 104, hiyo ni saa nzuri. Rudia ukiwa umembeba mtoto kifuani. Hapo utajua inakupunja kiasi gani. Ukitaka ihesabu kazi ya kubeba, saa nyingine hukubali kutolewa kwenye mkanda na kutiwa mfukoni. Hata simu yako ikiwa mfukoni yaweza kuhesabu hatua.

Na mapigo ya moyo je? Geuza saa utazame mgongo wake. Kuna taa ndogo ya kijani inayomweka. Mwanga huo huingia kwenye ngozi, damu huufyonza, na kila moyo unapopiga damu huongezeka kidogo chini ya ngozi na mwanga unaorudi hupungua. Saa huhesabu kupanda na kushuka huko. Ukiwa umetulia na mkanda umekaza vizuri, hesabu hii huwa si mbaya. Mkanda ukilegea au mkono ukitikisika sana, hupotea. Kumbuka pia kwamba moyo wa mjamzito hupiga haraka kuliko ulivyozoea, kwa hivyo usishtuke kwa nambari pekee.

Kalori ni jambo jingine. Mwaka wa 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipima vifaa saba vya mkononi kwa watu 60. Vifaa sita kati ya saba vilisoma mapigo ya moyo kwa kosa lisilozidi asilimia 5. Lakini katika kalori zilizochomwa, kile kilichofanya vizuri zaidi kilikosea kwa asilimia 27, na kilichoshindwa kabisa kilikosea kwa asilimia 93. Kwa hivyo saa ikikuambia umechoma kalori za kutosha kula mandazi mawili zaidi, mama, iache na mandazi yaache.

Kuhusu usingizi nitasema kidogo tu. Saa huona mtu aliyelala kimya na kudhani amelala usingizi. Ule usiku ulioulala macho wazi ukisikiliza kifua cha mtoto, saa yaweza kukuandikia kwamba umelala vyema!

Sasa ile nambari ya hatua 10,000 ambayo saa nyingi humdai mtu kila siku. Watu hudhani ni amri ya daktari. Sivyo. Ilitoka Japani mwaka wa 1965, mwaka mmoja baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, wakati kampuni moja ilipouza kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la biashara. Mwaka wa 2019 ulitoka utafiti uliofanyiwa wanawake 16,741 nchini Marekani, ambao kwa wastani walikuwa na umri wa miaka 72. Waliofikisha hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa katika miaka ile kuliko waliotembea kama 2,700. Faida iliendelea kupanda hadi karibu hatua 7,500, kisha ikatulia. Nyanya aliye na hatua elfu nne na mia kadhaa, basi, asijione mvivu kwa sababu saa haijampigia vigelegele.

Je, saa humtia mtu bidii? Humtia, ila kwa kadiri. Mwaka wa 2022 watafiti walikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizohusisha watu wapatao 164,000. Waliovaa vifaa hivi walitembea hatua kama 1,800 zaidi kwa siku, ambazo ni zaidi ya kilomita moja, na kwa wastani walipungua karibu kilo moja. Si haba. Lakini sikiliza na haya mengine. Huko Singapore, katika utafiti wa wafanyakazi 800 uliotolewa mwaka wa 2016, baada ya mwaka mmoja ni kama mtu mmoja tu kati ya kumi waliopewa kifaa aliyekuwa bado anakivaa, na watafiti hawakuona nafuu katika uzani wala presha. Baadhi yao walikuwa wakilipwa pesa wakitembea. Pesa zilipokoma, miguu nayo ikakoma. Mwaka huo huo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walitangaza kwamba katika miaka miwili vijana waliokuwa wakipunguza uzani wakitumia kifaa walipungua kilo 3.5, na wale waliojiandikia wenyewe bila kifaa walipungua kilo 5.9.

Mimi naona saa ni kama daftari. Inakuonyesha ulipo, na hilo ni jema hasa majuma ya kwanza, unapogundua kwamba Jumapili nzima umeketi. Baada ya hapo kinachomtoa mtu nyumbani ni jirani anayebisha mlango na kusema, "Mama Zawadi, twende." Kama mna chama, tembeeni pamoja dakika 30 kabla ya mkutano. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, na tangu 2020 ushauri huo unawahusu pia wajawazito na waliojifungua, ikiwa hawana matatizo. Mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kuteka maji na kupanda kilima na mtoto mgongoni ni mazoezi pia. Saa isipoyahesabu, mwili umeyahesabu.

Nilisema kuna swali ambalo akina mama hawaniulizi. Ni hili: ikiwa saa inasema presha yangu ni sawa, nina haja gani ya kwenda kliniki?

Hapo, mama, tusimame kidogo. Saa nyingi za bei rahisi huonyesha presha, sukari na oksijeni. Mashine ya presha ya kliniki ina mkanda unaofura na kubana mkono wa juu. Saa ya kawaida haina kitu cha kubana. Inakisia tu kutokana na ile taa. Ukitaka kujua, ifunge kwenye ndizi. Nyingine zitakupa mapigo ya moyo ya ndizi, na presha juu yake!

Sasa mfikirie mjamzito wa miezi saba. Kichwa kinamuuma siku ya pili. Anaona ukungu machoni, uso na mikono vimevimba ghafla. Anatazama saa, inasema 120 kwa 80. Anameza dawa ya maumivu, analala. Hizo ni dalili za presha ya ujauzito, ambayo huweza kugeuka kifafa cha mimba na kumwua mama na mtoto. Inaweza kuja hata katika majuma ya kwanza baada ya kujifungua. Ukiona dalili hizo, au maumivu makali chini ya mbavu, nenda hospitali saa hiyo hiyo, na kile kitabu chako cha mama na mtoto ukibebe. Kama kituo ni mbali, muulize mhudumu wa afya ya jamii wa eneo lako. Mwaka wa 2023 serikali ilitoa mikoba ya vifaa kwa wahudumu zaidi ya 100,000, na ndani mlikuwa na mashine ya presha na ya kupima sukari. Akikuta presha iko juu, mwende hospitali. Akikuta iko sawa na dalili bado zipo, mwende vilevile.

Sukari nayo hupimwa kwa damu. Mnamo Februari 2024 idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Mgonjwa anayejidunga insulini kwa kufuata nambari ya saa kama hiyo anaweza kuzimia na asiamke.

Na oksijeni. Najua baadhi yenu humfunga mtoto saa anapokohoa. Mwaka wa 2020 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti kuhusu kile kifaa cha hospitali kinachobana kidole. Kwa wagonjwa weusi, kifaa kilikosa kuonyesha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Ikiwa cha hospitali hukosea hivyo, saa iliyotengenezewa mkono wa mtu mzima itamjuaje mtoto wa miezi minane?

Lakini usiitupe. Kuna kitu kimoja ambacho saa hiyo hukipima vizuri kabisa, nacho ni dakika. Mtoto akikohoa au akipumua kwa shida, ngoja atulie, asiwe analia wala ananyonya. Inua shati lake uone tumbo na kifua. Anzisha dakika moja kwenye saa, na uhesabu kila kifua kinapopanda, hadi dakika iishe. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifikisha pumzi 60 au zaidi, anapumua haraka mno. Wa miezi miwili hadi kumi na moja ni 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi miaka mitano ni 40 au zaidi. Huenda ni nimonia. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ukiona kifua chake cha chini kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya wala kunywa, au amelegea haamki, au amepata degedege, usihesabu chochote. Mbebe uende, hata kama ni usiku.

Jaribu kuhesabu leo jioni mtoto akiwa mzima, amelala, ili mkono na jicho vizoee. Juma lijalo, panapo majaliwa, tutaendelea na kikohozi hicho hicho: dawa zipi za dukani mtoto mchanga hapaswi kupewa.