Mwano wa Leo Upigwe kwa Simu ya Upepo

Kwa Wasukuma neno mwano halihitaji maelezo. Ni ukelele wa hatari. Mwizi wa ng'ombe aingiapo bomani, au nyumba ishikapo moto, mwenye mji hupiga mwano; jirani huupokea na kumfikishia jirani wa pili, na kwa muda mfupi kijiji kizima huwa njiani. Sungusungu walipoanza mapema katika miaka ya 1980, huko Shinyanga ambako Bariadi ilikuwa sehemu yake, waliujenga ulinzi wao juu ya desturi hiyo.

Nguvu ya mwano haikuwa katika ukubwa wa sauti ya mtu mmoja. Ilikuwa katika utaratibu. Kila mtu alijua nani apokee, nani apeleke na nani atoke na silaha. Utaratibu huo haukufundishwa usiku wa mwizi. Ulikwisha kuwa mazoea siku nyingi kabla yake.

Leo mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na makao yake yakiwa Bariadi, hupiga mwano wake kwa simu ya mkononi. Hilo ni jambo jema, lakini lina udhaifu wake. Simu hutegemea mnara, na mnara hutegemea umeme na mitambo iliyo mbali. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na huduma ya intaneti ikazorota nchini. Hitilafu ya baharini ikawafikia watu wa bara ambao hawajapata kuiona bahari. Miezi michache kabla ya hapo, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka mlima Hanang viliteremkia mji wa Katesh, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Katika siku ya namna hiyo, saa za kwanza ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote.

Ipo njia ya mawasiliano isiyohitaji mnara wala waya wa baharini. Ni redio za ridhaa, yaani simu za upepo zinazoendeshwa na raia wenye leseni, kwa kujifunza na bila malipo. Waya wa urefu wa mita 20 hivi, uliofungwa baina ya miti miwili, betri ya gari ya volti 12 na chombo kinachoweza kubebwa na mtu mmoja vinatosha kuunda kituo. Katika masafa ya megahezi 7, mawimbi hupanda hadi tabaka la juu la anga na kurudishwa ardhini. Hivyo mchana, hali ya anga ikiruhusu, mtu aliyeko Meatu aweza kusikika Mwanza au Arusha. Kwa vijiji vya jirani, vyombo vidogo vya mkononi hutosha, hasa mmoja wa wasemaji akiwa mlimani.

Dunia imekwisha kuyaona manufaa yake. Mwezi Desemba 2004 kikundi cha wanaridhaa wa India, kilichoongozwa na Bibi Bharathi Prasad, kilikuwa Port Blair katika visiwa vya Andaman, kikizungumza na wenzao wa nchi mbalimbali. Tarehe 26 mawimbi ya tsunami yakavipiga visiwa hivyo na simu zikakatika. Kikundi kile kikaacha mazungumzo ya kirafiki na kuanza kupeleka habari za waliopona kwa jamaa zao wa bara. Hawakuwa askari wala watumishi wa posta. Walichokuwa nacho ni chombo, ujuzi na mazoea.

Wapo watakaouliza kama si hatari kuwapa raia simu za upepo. Jibu limo katika kanuni zenyewe. Mwanaridhaa hupewa leseni na alama yake ya kujitambulisha. Hapa Tanzania kazi ya leseni ni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na alama huanza kwa 5H. Hapaswi kuficha maana ya maneno yake kwa lugha ya siri, wala kufanya biashara hewani. Asemalo husikika na kila mwenye chombo. Aidha, kanuni za kimataifa za redio zinazihimiza serikali kuwawezesha wanaridhaa kujiandaa kwa ajili ya maafa.

Tanzania ina chama chake cha wanaridhaa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 nayo imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji. Kinachotakiwa ni kuviunganisha viwili hivyo. Kamati isiyoweza kusikika mvua ikiwa imezifunga barabara za udongo mweusi wa mbuga ni kamati ya kwenye karatasi tu.

Kwa hiyo Bariadi yaweza kuanza kwa hatua ndogo. Shule ya sekondari moja katika kila wilaya, yaani Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, iwe na klabu yake chini ya mwalimu wa fizikia. Vijana wajifunze umeme, waya na adabu ya kuzungumza hewani, kisha waombe leseni. Kila mwezi lifanyike zoezi moja: simu za mkononi zizimwe, na kila wilaya itoe taarifa kwa mkoa kwa betri peke yake. Atakayeshindwa kusikika ajue sababu siku hiyo hiyo, wakati hakuna anayezama.

Ndugu wasikilizaji, tahadhari ni kabla ya hatari. Wazee wa Usukuma waliupanga mwano wao wakati wa amani. Vijana wa Simiyu nao wana kila sababu ya kuupanga wa kwao sasa.